Mkamwana wa Chumba cha Mbele

Badru alipoteremka Kyela na marobota yake ya mitumba, aliamini kutafuta chumba ni kazi ya asubuhi moja. Mji aliutazama akauona mdogo, wa kumalizwa kwa miguu kabla chai haijapoa. Hakujua kwamba tangu biashara zifunguliwe na mpaka wa Kasumulu uchangamke, kila mwenye robota, kila mwenye katoni ya sabuni na kila mwenye shemeji Malawi alikuwa ameshafika kabla yake, na wote walitaka mahali pa kulaza ubavu. Wenye nyumba nao hawakuwa wajinga. Watu waliokuwa wakimpisha mgeni chumba kwa asante tu, sasa walidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, tena walikutazama viatu kwanza ndipo wakutajie bei.

Kwa hiyo Badru akawa analala stoo, juu ya marobota yake mwenyewe. Kwa mwanamume aliye peke yake hiyo si aibu. Shida ilikuwa Mwanaheri, mkewe, aliyemwacha Tanga kwa mama yake kwa ahadi kwamba atamwita akishapata nyumba ya heshima. Mama mkwe tangu mwanzo alimwona Badru ni mtu wa maneno mengi, na kwa hilo hakukosea. Siku ya kuagana alimwambia binti yake mbele ya watu wote: "Ukifika ukakuta huheshimiwi, panda basi lilelile urudi."

Sasa salamu zilikuwa zimefika kwamba Mwanaheri yuko njiani, ataingia Ijumaa. Badru alimpenda mkewe kupita kiasi, na wazo la kumwona akigeuza na basi lilelile lilimnyima usingizi kuliko mbu, na mbu wa Kyela si wa kudharau.

Akamwendea Abasi, dalali. Wazee wa Abasi walitoka pwani zamani wakafungua duka, yeye akazaliwa hapohapo, akakua anakijua Kinyakyusa na mila zake kuliko baadhi ya wenyewe. Alikuwa na tabia moja tu: hakuwahi kumwambia mtu neno ambalo lingeharibu mapatano kabla hajalipwa ujira wake.

Chumba cha kwanza alichomwonyesha kilijaa magunia ya mpunga mpaka juu. Mwenye nyumba alieleza kwamba kodi ni ya chumba, magunia yatatoka bei ya mpunga ikipanda. Badru akauliza atalala wapi. Mwenye nyumba akayatazama magunia, akamtazama Badru, akasema mbona yeye ni mwembamba. Chumba cha pili kilikuwa kizuri ila ukutani palikuwa na mstari wa tope usawa wa kiuno. Ni maji, walimwambia, lakini huingia masika tu. Badru akauliza masika ya huku huchukua muda gani, na mwenye nyumba akaanza kuzungumzia kakao. Cha tatu kilikuwa na bei nafuu kabisa, mlango imara na dirisha la wavu, kilichokosekana ni paa.

Alhamisi, Badru akiwa ameshakata tamaa, Abasi akampeleka kwa Mzee Andongwisye.

Mzee huyu alikuwa mkulima wa Mwaya aliyejenga mjini kwa jasho la mpunga. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na chumba cha mbele kilikuwa na mlango wake, kibaraza chake na sakafu ya saruji iliyong'aa. Bei yake ilikuwa ya kumkalisha mtu chini. Badru akakaa chini kweli, pale kibarazani, na mzee akadhani mgeni ametulia kwa mazungumzo. Akafurahi, akaketi na yeye, akaunyoosha mguu wenye goti bovu, akaanza kulalamika.

Wanawe, alisema, wote wako mbali, mmoja Mbeya na mwingine Zambia. Wakija kutembea wanakuja na wake zao, na wake hao, Mungu awasamehe, wanampa mkono. Mkamwana anampa mkono baba mkwe wake mchana kweupe, anamtazama usoni na kumuuliza habari za afya. Badru hakuona ubaya wa mtu kuulizwa habari za afya, ila yeye alikuwa muuzaji wa mitumba na alijua kukubaliana na mtu anayemtaka apunguze bei. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

Mzee akapenda sana kutikiswa kichwa kule. Akasema laiti angekuwa na mtoto hapa karibu wa kukaa chumba hiki. Badru akawahi kuuliza, na mtoto angelipa ngapi. Mzee akacheka, mtoto halipi kodi, mtoto huchangia kidogo akipata.

"Basi, tata," alisema Badru, ambaye neno hilo la baba alikuwa amelijua juzi tu sokoni, "mimi ni mwanao."

Abasi akakohoa. Badru akamkanyaga mguu. Abasi akakohoa tena, akafungua mdomo, halafu akaukumbuka ujira wake akaufunga.

Laiti mzee angelichukua jambo hilo kama utani. Alimwita mkewe, Bibi Marta, akaitisha jogoo, akamkabidhi Badru amchinje mwenyewe kwa kuwa mtoto wake huyu mpya ni Mwislamu, akawaita na majirani. Wote walipokwisha kula, mzee akasimama na kutangaza kwamba chumba cha mbele kimepata mwenyewe, na kwamba nyumba hii imepata mtoto wa kiume. Majirani wakasema ndaga, ndaga fijo, yaani asante, asante sana. Badru akajibu ndaga kwa kila mmoja, moyo wake mweupe, akijiona mjanja kupita watu wote wa Kyela.

Ijumaa Mwanaheri akashuka kwenye basi na sweta alilolivaa kwa baridi ya Tukuyu, jasho linamtiririka. Alikiona chumba akakipenda. Aliikanyaga ile saruji bila viatu, akazipapasa kuta, akasema mama yake angekosa la kusema. Badru akajisikia kuimba. Akamshika mkono waende kumsalimu mwenye nyumba.

Mzee Andongwisye alikuwa anatoka nyuma ya nyumba na fimbo yake, taratibu, kama kawaida ya mtu mwenye goti bovu. Akainua macho, akamwona Mwanaheri. Fimbo ikaanguka. Mzee akageuka, akakimbia, akaruka mtaro kwa miguu miwili na kuzama kwenye migomba, na majani yakafunga nyuma yake.

Mwanaheri aliyatazama majani yale mpaka yakaacha kutikisika. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole ambayo Badru aliiogopa kuliko matusi, basi la kurudi linaondoka lini.

Badru akambembeleza asubiri kidogo, akamkimbilia Bibi Marta. Bibi Marta alishangaa kuulizwa. Kwani mtoto huyu hajui? Mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso, ndiyo mila ya wakubwa, yaitwa ukutila. Mkamwana akimwona baba mkwe hupisha njia, hujificha, hujifunika. Kazi hiyo hasa ni ya mkamwana, lakini kwa kuwa huyu wa pwani hajafundishwa, imemwangukia mzee. Wengi siku hizi wameiacha, na mchungaji mwenyewe ameshasema haina ulazima. Mzee Andongwisye hajaiacha, na hana nia.

Badru akaenda moja kwa moja kwa Abasi. "Ulijua?" akamuuliza.

"Nilikohoa," alisema Abasi.

Sasa mtu mwenye akili angerudi akamweleza mkewe ukweli. Badru alifikiria atakavyosema: mke wangu, nimekuleta kutoka Tanga ili uwe unajificha nyuma ya mapipa. Akamwona mama mkwe anatabasamu. Basi akarudi akamwambia Mwanaheri kwamba mzee hakumkimbia yeye hata kidogo, ni tumbo tu, linamsumbua sana na linamshika ghafla.

Ilikuwa kosa kubwa, kwa sababu Mwanaheri alikuwa na moyo wa huruma. Alivua lile sweta, akasema maskini, akapika uji wa tangawizi na pilipili manga aliofundishwa na bibi yake kwa ajili ya matumbo, akatoka na bakuli kumtafuta mgonjwa. Mzee, aliyekuwa amesharudi ndani, alipomwona tena anakuja, na sasa anakuja kwa haraka na amebeba kitu, alitokea dirishani.

Kutoka siku hiyo mzee hakupata raha ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mwanaheri aliuona mchele wa Kyela akaona ni dhambi kuacha kuupikia vitumbua, akaweka jiko kibarazani, karibu na pipa la maji, akawa anauza tangu asubuhi. Njia ya kwenda barabarani, kisimani na chooni ilipita mbele ya jiko hilo. Mzee alianza kutembea kwa kuzunguka shamba la jirani. Aliyekuwa anatembea kwa fimbo akawa anaruka ua, na majirani wakaanza kusema labda goti limepona.

Siku moja aliwahi chooni kabla jiko halijawashwa, akachelewa kutoka. Mwanaheri akaketi, akawasha mkaa, akaanza kumimina. Mzee akakohoa ili watu wajue yumo na wapishe. Mwanaheri akasikia, akaacha vitumbua, akachukua bakuli la uji, akaenda kusimama mlangoni mwa choo. Badru alipofika kutoka sokoni alimkuta bado amesimama pale, anampa mgonjwa pole, anamwambia asione aibu, tumbo ni maradhi kama maradhi mengine. Ndani hapakuwa na hata pumzi.

Jioni ile mzee alimwita Badru kule migombani, ambako sasa ndiko alikopokea wageni. Alikuwa na hasira na alikuwa na haki. Akasema amejaribu, amevumilia, lakini yeye si swala. Mke afundishwe kuwa mkamwana, au Badru awe mpangaji kwa bei ya mpangaji. Tena Abasi ameshampatia mtu wa Kasumulu anayeweza kutoa mara mbili ya bei ile, na kesho anakuja kukiona chumba.

Badru hakuwa na bei ya mpangaji, achilia mbali mara mbili. Kesho yake, mchana, akakaa kibarazani kando ya jiko, akamweleza Mwanaheri kila kitu. Alieleza habari ya kodi, jogoo, majirani, mkamwana na baba mkwe, na tumbo ambalo halikuwahi kuuma. Alizungumza huku anatazama chini. Mwanaheri aliendelea kumimina unga wa vitumbua.

"Kwa hiyo alikuwa ananikimbia kwa kuniheshimu," alisema mwishowe.

Badru akasema ndiyo. Mwanaheri akafuta mikono, akaingia ndani, na Badru akasikia begi likiburutwa. Na hapohapo akawaona wanatokea barabarani: Abasi mbele, nyuma yake mtu wa Kasumulu mwenye miwani ya jua na viatu vya kung'aa, na kwa mbali kidogo, kichwa upande, Mzee Andongwisye. Majirani nao walikuwa wameshasogea, maana habari za chumba kile zilikuwa na watazamaji.

Mwanaheri akatoka. Hakuwa na begi, alikuwa na kanga mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya begini. Akamwona mzee. Bila kusita, mbele ya watu wote, akajifunika kanga kuanzia utosini, akainama, akarudi nyuma akiwa ameinama vilevile, akajikunyata nyuma ya pipa la maji, hata kidole cha mguu kisionekane.

Jirani mmoja mzee akashika shavu. Bibi Marta aliyekuwa amesimama mlangoni akaanza kulia bila kuficha. Mzee Andongwisye alikuwa amegeuka kukimbia, mguu mmoja tayari uko juu ya mtaro. Akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile hakuwa na haja ya kwenda popote. Akashusha mguu, akavuta kofia mpaka machoni.

Mtu wa Kasumulu akauliza chumba ndicho hiki.

"Hapa hapapangishwi," alisema mzee. "Hapa anakaa mwanangu na mkewe."

Yule bwana akasema anaweza kuongeza juu ya ile mara mbili. Mzee akamwonyesha lile pipa kwa fimbo, kwa kiburi ambacho Badru hakuwahi kumwona nacho, akamuuliza kama hana macho. Abasi akakohoa, safari hii bila mtu kumkanyaga, akaondoka na mteja wake.

Mzee akaingia migombani taratibu, ili kumpa mkamwana nafasi ya kutoka. Majirani wakatawanyika wakisimuliana, na Bibi Marta akaingia ndani kufuta machozi. Badru akabaki peke yake uwanjani, akachungulia nyuma ya pipa.

"Ameshapita?" Mwanaheri akanong'ona chini ya kanga.

"Bado. Yuko kwenye migomba, anasubiri upite wewe."

"Na mimi nasubiri apite yeye."

Badru akamuuliza habari ya begi, na kama atapanda basi. Kanga ikatikisika. Mwanaheri alikuwa anacheka.

"Mama aliniambia nirudi nikiona siheshimiwi," alisema. "Tanga nzima, Badru, nani ameshanirukia mtaro?"

Migomba haikutikisika, na pipa halikutikisika. Kibarazani vitumbua vilianza kunuka kuungua, na kati ya watu wa nyumba hiyo hapakuwa na mwingine wa kuvigeuza. Badru akakaa kwenye kigoda cha mkewe, mbele ya chumba chake, akaanza kuvigeuza.