Nyembe Nne za Mkono Mwepesi

Wateja walimwita Mkono Mwepesi, na hawakumpamba bure. Watu wenye ngozi za kudeka, wale wanaotoka vipele kwa kuutazama wembe tu, waliwapita vinyozi watatu njiani ili waje kusinzia kwenye kiti chake. Yeye mwenyewe, lakini, alifuga ndevu. Fupi, ngumu, zimesimama kama brashi ya kusugulia sufuria. Ukimuuliza sababu, anacheka na kukwambia kinyozi hajinyoi. Ukweli ni kwamba kila alipojinyoa shingo iliumuka na kumwasha wiki nzima, na kinyozi mwenye shingo ya hivyo ni sawa na mpishi anayeumwa tumbo. Nani atakula kwake?

Angeendelea na brashi yake mpaka kaburini, kama mtoto asingetoka upele. Alikuwa binti wa miezi saba, aliyepatikana baada ya miaka tisa ya kusubiri. Mama yake alimpeleka kliniki, baba akafuata nyuma na mkoba wa nepi. Nesi akamtazama mtoto, akamtazama baba.

"Ngozi kairithi kwako," akasema. "Na upele pia umempa wewe. Hizo ndevu zinamkwaruza."

Hukumu ilitolewa hata kabla hawajafika nyumbani.

"Kumbeba, mbebe," mkewe alisema. "Kumbusu, mpaka hilo brashi liondoke."

"Hata kwenye paji la uso?"

"Hata kisigino."

Basi akawa anambeba mwanawe kwa mikono iliyonyooka, kama mtu aliyepewa trei la mayai. Mtoto anaurukia uso, baba anarudisha kichwa nyuma. Iliuma. Miaka tisa alikuwa akinyoa watoto wa watu, kisha anaingia ndani, kwenye nyumba iliyonyamaza. Leo anaye wake, na amepigwa marufuku kumbusu!

Akaingia kwenye majaribio. Nyembe alikuwa nazo za kila aina, ila uso ni mmoja, kwa hiyo akaugawa kama shamba la urithi. Shavu la kulia lilipata wembe wa plastiki, wa kutumia na kutupa. Ule haukati, unang'oa. Ilibidi apite mara tatu mahali palepale, na kila akipita anaondoka na nywele moja na ngozi ya nywele mbili. Shavu la kushoto akalipa ule wa makali matano, wenye utepe wa kulainisha, ambao boksi lake limeandikwa maneno matamu kuliko barua ya uchumba. Jioni alikuwa laini mpaka akajipenda. Asubuhi, zile nywele zilizokatwa chini kupita kiasi zilikosa njia ya kutokea, zikavimbia humohumo ndani.

Kidevu akakikabidhi kwa mashine ya umeme. Mashine, tuseme haki, haikumtoa hata tone la damu. Lakini mkewe alichukua soksi ya mtoto akaipitisha kidevuni, na soksi ikanasa.

"Bado," akasema, akaibandua.

Ikabaki shingo, na wembe wake wa kazi, ule wa kukunja unaotiwa kiwembe kipya kwa kila mteja. Makali ni mamoja tu, hauchimbi, hauvuti. Katika miaka ishirini haukuwahi kumwaibisha kwa mtu yeyote. Yeye ulimpa vipele kumi na viwili, mkewe alivihesabu.

"Fundi, umepigana na kuku?" mteja mmoja wa zamani aliuliza, akavua kitambaa shingoni mwenyewe na kuondoka.

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na kati yake na sebule palikuwa na pazia. Nyuma ya pazia hilo alikuwa amekaa mama mkwe, aliyekuja kumwona mjukuu. Alikuwa nesi mstaafu, mama wa maneno machache, na kwa siku nne hakusema neno. Siku ya tano akalisogeza pazia.

"Mkwe wangu, hebu jinyoe. Bila wembe, kwa kidole."

Akasimama mbele ya kioo, akajinyoa kwa kidole.

"Sasa mnyoe mteja. Jifanye yupo kitini."

Akasimama nyuma ya kiti, akamnyoa mteja wa hewa. Mama mkwe akaguna.

"Umeona? Mteja unamsimamia kichwani, unasukuma wembe kwenda mbele, toka kidevuni kushuka kooni, na nywele za shingo ndiko zinakolala. Ukigeukia kwako mwenyewe mkono haujui kwamba umehama upande. Unasukuma vilevile, sasa unapanda toka kooni mpaka kidevuni, kinyume kabisa."

"Kwa hiyo kosa si la wembe, mama?"

"Wembe huo mzuri sana. Kosa ni la mkono."

Maneno hayo kuambiwa mtu anayeitwa Mkono Mwepesi! Akajaribu kuvuta kwenda chini. Mara mbili mkono ulimtii, mara ya tatu ukasukuma. Miaka ishirini haifutiki kwa asubuhi moja.

"Ngozi ipoe kwanza," mama mkwe akasema. "Usiguse wembe mpaka Jumamosi. Jumamosi utakaa, nitakunyoa mimi."

Wenye wakwe mnanielewa. Huyu bwana hajawahi kutafuna mfupa mbele ya mama huyu, leo aegemee kitini amwonyeshe koo lote!

"Mama, si itakuwa aibu?"

"Aibu ipi? Miaka thelathini nimenyoa wagonjwa kabla ya upasuaji, na wengi wao sikuwanyoa kidevu."

Jumamosi akakaa, akafumba macho kwa haya. Taulo la moto, povu, kisha wembe ukashuka, mfupi mfupi, bila kukandamiza, bila kurudia mahali ulipokwisha pita. Katikati ya kazi mlango ukafunguka. Alikuwa yule mteja wa kuku. Akatazama kidogo, akavuta benchi.

"Mimi nitanyolewa na huyo bibi," akasema.

Asubuhi ya Jumapili hapakuwa na kipele hata kimoja. Mkewe akapitisha soksi, ikateleza.

"Haya," akasema. "Shavu moja tu. Kesho tukiona salama, utapewa la pili."

Mkono Mwepesi akauinamisha uso wake mpya. Mtoto akautazama, midomo ikatetemeka, kisha akapiga yowe kama aliyeibiwa baba.

"Hakujui," mama mkwe akasema. "Ongea naye, sauti anaijua."

Aongee nini? Maneno yote ya mapenzi yaliyorundikana siku zile yalimkimbia, yakabaki yale ya kazini tu.

"Tulia bosi," akanong'ona. "Tulia hivyohivyo, nakaribia kumaliza."

Kilio kikakatika. Mtoto akampapasa taya, akampapasa kidevu, akakishika. Baba akambusu shavu la kulia, polepole, machozi yakimtoka mbele ya mama mkwe bila haya yoyote.

"Moja!" mkewe akakumbusha.

Mtoto akageuza la pili.