Msaragambo wa Chuoni

Ujumbe ulimkuta Itandehui katikati ya tuta, mgongo umepinda, trei ya stroberi imejaa nusu. Akajifuta matope kwenye suruali, akasoma. Chuo kilimjulisha kwamba somo la Siasa na Uchumi wa Dunia lina wanafunzi pungufu. Wasipopatikana watatu wengine kabla ya saa kumi na moja jioni, linafutwa.

Akasoma tena. Miaka mitatu alikuwa akisoma masomo ya dunia katika chuo cha wilaya, jioni baada ya shamba, kwa sababu ndicho chuo anachokimudu mtoto wa wachuma stroberi wa mji wa Oxnard. Unaanzia pale, kisha unahamia chuo kikuu kumalizia shahada. Chuo kikuu kilikwisha kumkubali aingie Agosti, ila kwa sharti: amalize somo hilo moja kiangazi hiki. Asipolimaliza, nafasi yake anapewa mwingine.

"Profesa, stroberi hazijichumi," Shangazi Eufrosina alimwambia kutoka tuta la pili. Shamba zima lilimwita Profesa, nusu kwa utani, nusu kwa kujivunia.

Itandehui, Ita kwa kifupi, akamweleza. Shangazi hakuelewa darasa linafungwaje wakati mwalimu yupo na mwanafunzi yupo. Kisha akauliza somo lenyewe linahusu nini.

"Namna watu na bidhaa wanavyovuka mipaka."

Shangazi alicheka hadi akashika kiuno. "Kumbe miaka yote hii unasoma habari zangu!"

Alipomaliza kucheka alisimama wima, akapaza sauti kwa Kimixteki, lugha ya kijijini kwao ng'ambo ya mpaka, na neno likapita tuta kwa tuta: kuna msaragambo, jioni, chuoni. Na msaragambo kwa Wamixteki si jambo la hiari. Hauna ujira, hauna kisingizio. Iwe barabara, iwe kisima, iwe kaburi, ukiitwa unakwenda, na anayebaki nyumbani aibu yake itamfuata hata ng'ambo. Wala hakuna anayeulizwa kama anafaa, maana mwenye mikono miwili anafaa. Ndipo Ita alipokosea. Aliacha watu waitwe kama wanavyoitwa kijijini, hakuuliza nani ana vibali vya kuishi nchini.

Baada ya kazi walikuja tisa, kwa magari mawili, na viatu vyao vya shambani. Walipanga foleni mbele ya dirisha la usajili, wamevua kofia. Nyuma ya kioo alikaa Bi Hollis. Hakuwa mtu mbaya Bi Hollis. Alikuwa mtu wa kompyuta, na kompyuta ikisema hapana naye husema hapana, kwa upole kabisa.

Celerino, binamu yake Ita, alizaliwa hospitali ya mjini pale. Akaandikwa mara moja, ada yake ikafutwa kama ifutwavyo kwa wakazi wa kipato cha chini. Mzee Abundio, aliyepata kibali cha kuishi zamani, enzi serikali iliposamehe vibarua wa mashamba walioingia bila vibali, naye akaandikwa. Bado mmoja tu. Ita akaanza kupumua.

Akasogea Shangazi. Bi Hollis aliuliza maswali mawili, akabofya, akatikisa kichwa. Huyu atasajiliwa kama mgeni, alisema, na mgeni hulipa ada ya mgeni. Akaitaja. Kwa somo moja ilitosha kumeza karibu mshahara wote wa Shangazi wa mwezi.

"Anasemaje?" Shangazi akauliza.

Ita akamgeukia. Kumwambia mtu aliyemlea, kwa lugha aliyomlea nayo, kwamba yeye hapa ni mgeni! Lakini mkalimani hana ujanja, akamwambia.

"Mgeni? Miaka kumi na minane nimeinama kwenye matuta yao. Mwambie."

Ita akamwambia. Bi Hollis alijibu kwamba anasikitika sana, ila kwenye fomu hapana sehemu ya kujaza hilo. Wa nne akawa mgeni, wa tano mgeni, na wote waliobaki wageni. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi na moja.

Shangazi alimvuta Ita kando. Alikuwa na fedha za paa la nyumba yake kijijini, akasema azichukue. Ita alitamani kusema ndiyo mpaka ikamuuma. Akakataa. Nyumba ya Shangazi imekaa bila paa tangu Ita hajaanza shule.

"Basi limefutwa," Bi Hollis alisema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Pole. Hawa wawili nawaondoa, maana hawana darasa tena."

Ita akatafsiri, machozi yakimlengalenga. Celerino alitukana chini kwa chini. Mzee Abundio hakuondoka dirishani.

"Asiniondoe," alisema. "Muulize kama kuna darasa jingine lililopungukiwa na mtu mmoja."

"Mzee, hilo halinisaidii mimi."

"Najua, mwanangu. Wewe muulize."

Akauliza. Bi Hollis alimtazama mzee yule, akashangaa, kisha akatafuta. Lilikuwepo moja, la takwimu, jioni, limepungukiwa na mtu mmoja na linafutwa dakika hiyo hiyo. Lakini lina hesabu ngumu, akaonya, na atapaswa kuhudhuria.

"Takwimu ndiyo nini?" Mzee akauliza.

"Kuhesabu watu," Ita akasema.

"Basi aniandike huko. Kuna mtoto wa mtu mwingine analisubiri darasa hilo, kama wewe ulivyolisubiri lako."

Bi Hollis akamwandika.