Mchanga Unasemaje

"Mko wangapi, mama?" aliuliza askari wa geti la hifadhi.

"Wawili," akajibu fundi mapazia bila kupepesa macho.

Mdomo ulikuwa umezoea. Miaka nenda miaka rudi, tangu mtoto wao alipoacha kusafiri nao, alilijibu swali hilo akiwa kwenye kiti cha abiria, huku mumewe akijipapasa mifukoni kutafuta vibali, na siku zote jibu lilikuwa hilo hilo. Askari naye, ambaye jua lilishammaliza hamu ya kuchungulia ndani ya magari, akanyanyua redio na kuwaarifu wenzake wa geti la kutokea: gari moja, watu wawili. Kizuizi kikainuliwa. Alipokwisha kupita ndipo moyo ulipomlipuka. Angeweza kurudi kusahihisha, lakini hakurudi. Tuseme ukweli, ilimpendeza kwamba mahali fulani, kwa siku moja tu, bado walikuwa wawili.

Mumewe alizikwa mwaka uliopita. Tangu mazishi, neno "amekufa" lilikuwa halijamtoka mdomoni. Alisema "hayupo", utadhani mzee katoka kidogo kununua kiberiti.

Mwanawe, mtu mzima mwenye watoto na kitambi chake, alitaka gari liuzwe. "Mama, mchangani hujawahi kushika usukani. Kazi yako ilikuwa kushuka," alimwambia. Baada ya kuvutana sana wakaafikiana, kijana akiwa shingo upande: azunguke hifadhi tatu za jangwani peke yake. Akirudi salama, gari libaki. Lakini askari yeyote akipiga simu nyumbani kwa ajili yake, mnunuzi aitwe. Mama alikubali haraka, kwa sababu ndani ya lile gari bado mlikuwa na harufu ya mumewe, na nyumbani ilikuwa imeshakwisha.

Na ni kweli, kazi yake ilikuwa kushuka. Kila walipofika penye mchanga laini, mumewe alisimamisha gari pagumu, yeye akavua viatu na kutangulia kwa miguu kupima njia. Akirudi dirishani, mumewe alimuuliza, "Mchanga unasemaje?" Naye akajibu, "Unabeba," au, "Unameza." Ukibeba, gari lilifuata nyayo zake moja kwa moja. Kijana wao alikulia kwenye kiti cha nyuma akiyasikia hayo.

Hifadhi ya kwanza aliimaliza vizuri, na kichwa kikaanza kumvimba. Hii ilikuwa ya pili. Adhuhuri akafika kwenye bonde pana la mchanga mweupe, akaingia kwa mwendo mzuri, mafuta yakiwa yamekanyagwa sawasawa. Mchangani husimami, hilo alilijua fika. Lakini katikati ya bonde mguu ukamsaliti, ukakanyaga breki ili mtu ashuke akapime. Magurudumu ya nyuma yakazama mpaka ekseli.

"Haya, bibi wee," alijiambia, "shuka basi."

Alishuka. Alichimba kwa koleo mpaka mikono ikatoka malengelenge, akapunguza upepo kwenye matairi, kisha akatandika chini yake mapazia mazito aliyoyabeba kutoka kiwandani kwake, yale ambayo mteja mmoja aliyakataa kwa sababu ya rangi. Akavua viatu, akatangulia kupima mpaka ng'ambo, akarudi. Na kwa mazoea yale yale akaenda kusimama dirishani, upande wa dereva, akingoja kuulizwa.

Kiti kilikuwa kitupu. Alisimama pale juani kama mgeni aliyebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumwonea aibu. Alipomaliza akapanda, akawasha gari na kufuata nyayo zake mwenyewe mpaka ng'ambo.

Kwenye geti la kutokea, askari mrefu alilizunguka gari, akafungua hata mlango wa nyuma.

"Mama, wa pili yuko wapi?"

"Nilikosea. Niko peke yangu."

"Tumeambiwa wawili. Mtu anakoseaje kujihesabu mwenyewe?"

Alifungua mdomo aseme "hayupo", akaona haitoshi. "Mume wangu amekufa," alisema.

Mambo yakazidi kuharibika. Askari aliruka nyuma, mkono kwenye redio. "Amekufa? Umemwacha wapi?"

"Kaburini, mwanangu. Nyumbani. Mwaka jana."

Askari alikitazama kile kiti cha abiria, sauti ikashuka. "Pole sana, mama. Lakini lazima mtu athibitishe. La sivyo itabidi tuingie jangwani kumtafuta."

Jirani angetosha, na gari lingepona. Lakini habari ya kifo cha baba, aliona, mwenye haki ya kuisema ni mtoto wake. Akataja namba ya kijana.

Askari akapiga, akaeleza, akasikiliza. Kisha akamkabidhi simu.

"Nilisema wawili," mama alieleza. "Ni mdomo tu. Njoo uchukue gari lako, yaishe."

Mama alimsikia kijana akipenga kamasi.

"Ulinasa?" kijana aliuliza hatimaye.

"Nilinasa."

"Nani alikutoa?"

"Nani atanitoa huko? Nilijitoa."

"Hifadhi ya tatu bado?"

"Bado."

"Mama," alisema kijana. "Mchanga unasemaje?"

Mama aliushika mlango wa gari.

"Unabeba," akajibu.

Alirudisha simu, akapanda nyuma ya usukani na kujifunga mkanda. Askari aliinua kizuizi, akasogeza redio mdomoni na kuwaarifu wa geti la hifadhi ya tatu: gari moja, mtu mmoja. Mama alimsikia vizuri, akaingiza gia.