Miwani Mdomoni mwa Tumbili

Tangu wateremke kwenye treni asubuhi ile, Bidhan alikuwa mwema kupita kiasi, na wema huo ndio uliomtia mama yake hofu. Alimnunulia chai ya maziwa bila kuombwa. Akambebea kifurushi. Akamshika mkono kuvuka barabara. Bidhan huyu huyu, ambaye nyumbani Krishnanagar aliweza kumaliza siku tatu bila kuuliza kama mama amekula! Shailabala alikuwa na miaka sabini na miwili, mjane wa mwaka mmoja na nusu, na akili zake zilikuwa timamu.

Kwao hakuna asiyejua habari za Vrindavan, mji mtakatifu wa mungu Krishna, huko walikofika asubuhi hiyo. Mwaka juzi jirani yao, mama yake Haru, alipelekwa kuhiji na mwanawe. Haru akarudi peke yake, analia kwa sauti tangu njia panda, anasema, "Mama kakataa kurudi. Kamchagua Krishna." Watu wakamtazama tu. Mama yake Haru, aliyeogopa hata kulala chumba peke yake! Lakini hakuna aliyemuuliza zaidi, maana karibu kila nyumba ilikuwa na kikongwe wake, na kikongwe anakula.

Sasa kifurushi cha Shailabala kilikuwa na sari tatu nyeupe, blanketi na kikombe chake cha bati. Nani huchukua blanketi kwa safari ya siku mbili? Mkwewe Kakoli, mke wa Bidhan, ndiye aliyefungasha, na wakati wa kuagana alishindwa kumtazama usoni.

Katika hekalu la Banke Bihari, ndiye Krishna huyo huyo, walibanwa na umati mpaka pumzi zikawa za kugawana. Pale mbele pazia la sanamu lilifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena. Haliachwi wazi muda mrefu, kwa kuwa mungu yule akitazamwa sana humpenda mtazamaji akamfuata mpaka kwake. Watu walinyoosha mikono, wakapiga kelele kwa jina la mpenzi wa Krishna, "Radhe! Radhe!" Shailabala hakumtazama mungu hata kidogo. Alimkazia macho mwanawe, bila kupepesa, akiomba moyoni naye amfuate mpaka nyumbani. Bidhan akageuza uso.

Walipotoka wakashuka mpaka ngazi za mawe za Keshi, kwenye mto Yamuna. Mashua zilikuwa zimepambwa maua, na kobe walitokeza vichwa wakigombea unga waliotupiwa na mahujaji.

"Mji mzuri, eh, Mama?" alisema Bidhan.

"Mzuri."

"Hewa yake nyepesi."

"Hata kwetu kuna hewa, baba."

"Halafu wanawake wa rika lako ni wengi. Wanaimba kutwa. Hawana upweke."

"Mimi sauti yangu mbovu, unajua. Marehemu baba yako alikuwa akiniomba ninyamaze."

Bidhan akacheka kidogo, akatazama mto. Shailabala akaketi kwenye ngazi. Akatafuta maneno ya kumwambia mwanawe. Nitakula mara moja kwa siku. Nitalala jikoni. Maneno yote yalikuwa ya kuomba, na aibu ya kumwomba mtoto uliyemzaa ikamziba mdomo.

Ndipo tumbili akamrukia begani. Kabla hajapiga ukelele, miwani ilikwisha kunyakuliwa, na dunia nzima ikawa maziwa yaliyomwagika.

"Yuko pale juu ya ukuta!" watu wakacheka. "Mpeni juisi ya embe, ataitupa! Huyo hafanyi kazi bure!"

Wenyeji wa Vrindavan huvua miwani na kuificha. Shailabala aliambiwa hivyo stesheni, lakini angeivuaje siku ambayo asingethubutu kumpoteza mtu mmoja machoni?

"Twende, Mama, nikuweke kivulini kwanza," alisema Bidhan.

Akamwongoza kwenye kichochoro, wakapanda vidato viwili. Kukawa na baridi ya sakafu ya mawe, na sauti nyingi za wanawake zikiimba kwa uchovu. Mlangoni mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Ndiye huyu?"

Bidhan akampita, akamkalisha mama yake sakafuni. 

"Kaa hapa. Nakwenda kuchukua miwani."

Akamdaka mkono wa shati. "Iache miwani. Nani anaitaka? Twende hivyo hivyo, utaniongoza."

"Narudi sasa hivi, Mama."

"Bidhan. Baba yangu. Usiende."

Vidole vyake vikabanduliwa kimoja kimoja, polepole, kwa upole ule ule wa tangu asubuhi. Kifurushi kikawekwa ubavuni pake. Akasikia ndara zikishuka vidato, halafu hakusikia tena ila nyimbo.

Alitaka kuinuka amkimbilie. Lakini aende wapi, naye haoni hata mlango? Mbele yake palikuwa na weupe tu, weupe unaoyumba, wajane safu kwa safu waliojifunika sari kama yake. Nyimbo zikaisha, zikaanza tena. Mwanga uliokuwa miguuni pake ukahamia ukutani. Juisi ya embe haichukui muda wote huo. Hata tumbili mkorofi vipi.

"Kutoka wapi?" akauliza mtu kando yake kwa Kibengali, lugha ya kwao.

"Krishnanagar."

"Mimi Toru, wa Bardhaman. Kakuambia anakwenda wapi, wako?"

"Kuchukua miwani yangu."

"Wangu alikwenda kununua ndizi," alisema Toru. "Mwaka wa tisa huu. Kunywa maji, dada, utazimia."

Shailabala akaanza kulia, bila sauti, mdomo wazi. Aliogopa usiku wa kwanza katika jumba lile. Aliogopa zaidi kwamba siku moja naye angekuja kulisema jambo hili kwa sauti kavu kama ya Toru.

"Mama!"

Sauti ilitoka mlangoni. Nyimbo zikakatika. Shailabala hakuona kitu, ila alisikia mchakacho mkubwa wa nguo. Ukumbi mzima ulikuwa umegeuza vichwa.

"Mama!"

Akaanza kuinuka. Toru akamvuta chini. "Tulia. Nami miaka ya kwanza nilikuwa nainuka. Kila siku huja mtu akaita, na si sisi."

Labda kweli si yeye. Labda masikio yake yalikuwa yanamdanganya kwa kutaka sana. Hatua zikapita safu ya kwanza, zikarudi, zikapita ya pili, na kila zilipopita wanawake waliinua nyuso. "Wangu huyo?" aliuliza mmoja. "Gopal, ni wewe?" akauliza mwingine. Sauti ya mwanamume ikaanza kupasuka.

"Mama, uko wapi? Mmefanana wote! Mama! Shailabala! Shailabala wa Krishnanagar!"

Ukumbi ukaguna. Mtoto kumwita mama yake kwa jina, tena ndani ya nyumba ya ibada!

"We Bidhan!" Shailabala alisimama wima kabla hajajua kama amesimama. "Huna haya? Nani kakufundisha kutaja jina langu?"

Akamsikia akija mbio, akijikwaa, akiomba radhi huku na huku. Kisha miwani ikapandishwa masikioni pake, kioo kimoja kina ufa, fremu inanata juisi ya embe. Uso wa mwanawe ulikuwa umelowa machozi.

"Nilimpa tumbili juisi, nikaitia miwani mfukoni, nikaenda kuketi kwenye bajaji," alisema. "Nikatia mkono mfukoni, nikaikuta. Nikasema nikupe tu miwani, niende. Halafu nikaita, Mama, na wote wale..."

Akageuka nyuma. Wajane walikuwa bado wanamtazama.

"Nionyeshe tiketi za kurudi," alisema Shailabala.

Bidhan akatoa karatasi mfukoni. Shailabala aliigeuza, akaitazama mbele na nyuma kwa kioo kizima. Ilikuwa moja, na jina moja.

Hakupiga kelele. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la sari yake pamoja na funguo za nyumbani. Akafungua kifurushi, akalitoa blanketi, akamfunika Toru magotini. Toru hakushukuru. Alikuwa amerudi kutazama mlango.

"Sasa twende tukakate ya pili," Shailabala alimwambia mwanawe. "Leta mkono."

Zamani, Bidhan alipokuwa mdogo, wakienda kwenye maonyesho alikuwa akimfunga kifundo cha mkono kwa ncha ya sari asije akapotea kwenye watu. Bidhan, mtu mzima mwenye mvi, akaunyoosha mkono. Shailabala alimfunga fundo la kwanza, akalivuta kulijaribu. Halikumtosha. Akafunga la pili.