Tangawizi ya Muadhini

Bajaji ilikwisha kukata kona ya mwisho ya mtaa wao wa Temeke, godoro limefungwa juu kwa kamba, na Fakihi hakugeuza shingo. Miaka kumi na tisa ameadhini katika msikiti wa mtaa ule. Sasa kamati imempa Twalib kipaza sauti, kwa kuwa adhana ya Fakihi ilikuwa ikikatika katikati kwa kikohozi, mtaa mzima ukisikia.

Naima, mkewe, alipakata chupa ya chai ya tangawizi aliyowaaga nayo Sadallah, mwenyekiti wa kamati. "Kamfukuza mtu, akamfungia na tangawizi!"

Koo la muadhini, watu wa mtaa walisema, ni mali ya mtaa. Basi kila jioni kwa miaka sita walimletea tangawizi yenye ndimu na pilipili manga. Fakihi alikula chakula cha usiku, akainywa yote, akajinyoosha kitandani papo hapo. Kikohozi kilivyozidi, na tangawizi ikazidi. Zahanatini nako ikawa wimbo ule ule: pumu, mzee, vuta pampu.

Walihamia Kimbiji kwa dada yake Fakihi. Wiki ya pili Fakihi akabanwa kifua, wakampeleka kwa tabibu mmoja aitwaye Anjelina.

"Shikamoo mzee. Unakohoa zaidi ukikaa au ukilala?"

"Marahaba. Nikilala."

"Kiungulia je?"

"Hicho ninacho tangu ujana. Nacho ugonjwa?"

"Ukishakula unakaa muda gani kabla ya kulala?"

"Nikae nangoja nini?"

Anjelina akacheka. Naima alipomtajia tangawizi, akaacha kucheka. "Pumu unayo, baba, sikatai. Ila asidi ya tumbo inapanda mpaka kooni, na njia ya hewa inabana. Pampu inazima moto, wewe jioni unauwasha."

Fakihi alisimama. "Miaka sita! Kifua wamekipiga picha mara nne! Kwani tumbo nililiacha nyumbani?"

Nje tu akampigia Sadallah simu, akamweleza yote.

"Kwa hiyo sie ndio tumekuua?" Sadallah akahamaki. "Watu wamekutunza!"

"Mmenitunza, mkanifukuza! Nirudishieni nafasi yangu, nitapona."

"Twalib keshazoea, shehe wangu."

Fakihi akamkatia.

Alipewa dawa ya tumbo. Akaacha tangawizi, akaweka matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, akawa halali mpaka saa tatu zipite tangu ale. Kikohozi kilipungua, hakikwisha. Pampu bado iko mfukoni. Anaadhini Kimbiji, msikiti mdogo usio na kipaza. Temeke hawakumwita tena. Sadallah angali mwenyekiti. Anjelina alihamishwa. Twalib alipata mafua mwezi wa saba, mtaa ukampelekea tangawizi. Ile chupa ya Sadallah, Naima anaitilia uji.