Moto wa Kuomba

"Niliomba, sikuiba," alisema Mwanaesha, mkono kiunoni, leso ikimteleza begani. "Muulize mkeo. Nilimwambia, shoga, nipe moto kidogo. Akanijibu, chukua hapo mlangoni. Sasa wizi umetoka wapi?"

"Moto ya jiko," Mable akajibu. "Jiko ilikuwa hapo nje mlangoni, imejaa makaa. Nani anaomba betri akiita moto?"

"Sisi. Betri ikiisha twasema haina moto. Nyinyi wa Chawia mwasemaje, haina ugali?"

Tukacheka, maana ploti nzima tulikuwa tumetoka na miswaki midomoni. Silvanus, mume wa Mable, hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya betri yake, anaikagua ubavuni kama imevimba au imepasuka.

Enzi hizo pale Kaloleni, Voi, vyumba vyetu vilitazamana na ukuta haukuficha kitu. Nani kapika nyama, nani kanuniwa, ulijua kabla chai haijachemka. Ndiyo maana sote tulijua habari za mashine ya Silvanus. Alikata nyasi kwenye uwanja ambapo ndege ndogo zilileta wageni wa hoteli ya mbugani, na mashine yenyewe ilikuwa ya kukaliwa, kama trekta lililokatazwa kukua. Alianza kazi ile kwa kufyeka na slasha, mpaka mgongo ukamgomea. Alipopewa kiti, Mable alitutangazia kisimani: "Baba Ronald siku hizi anafanya kazi akiwa amekaa."

Lakini Voi jua likiwaka hakuna nyasi ya kukata. Mashine ililala miezi, na Silvanus akaileta betri nyumbani, kwa sababu stoo ya uwanjani ilikuwa ya mabati na joto lile huua betri. Aliiweka nyuma ya mlango, ndani, juu ya kibao, mbali na jiko. Kila mwezi aliipeleka kwa Ndambuki, mwenye kuchaji betri pale sokoni, akamsisitizia aichaji polepole, madirisha wazi, asiwepo mtu wa sigara karibu. Betri ikichajiwa hutoa hewa inayoshika moto, alisema, na ikiachwa tupu muda mrefu haiamki tena.

Sasa mvua ilikuwa imekuja, nyasi zimefika magotini, na ndege ya wageni ingetua kesho yake asubuhi. Meneja alikuwa amesema waziwazi: mashine isipowaka leo, Silvanus atarudi kwenye slasha na kiti atapewa mwingine. Betri ndiyo hiyo, imefyonzwa yote na televisheni ya Mwanaesha.

Televisheni ile haikuwa na rangi, lakini ndiyo pekee tuliyokuwa nayo, na iliendeshwa kwa betri ya pikapu ya mumewe, Mansur. Jana yake, Jumapili, Mansur alikuwa ameenda Chala kuchukua vitunguu, na pikapu nayo. Watu tumeshajaa mpaka dirishani, kichekesho kinakaribia kuanza. Mwanaesha angetufukuza vipi?

"Na wewe ulikuwa wapi jana jioni?" akamuuliza Mable sasa. "Si ulikuwa mkekani pangu, umeegemea meza? Ulicheka kutushinda sote. Betri yenu ilikuwa miguuni pako, nimeifunika kitambaa."

Mable akacheka, machozi yanamtoka, na hatukujua ni ya kicheko au ya kile kiti.

"Kuchaji ni usiku mzima," alisema Silvanus, kama anajisemea. "Nikiilazimisha kwa chaja kubwa itachemka. Sina usiku mzima."

Hapo pikapu ikaingia, vitunguu vikinuka. Mansur alisimuliwa na watu wanne kwa pamoja. "Basi moto ulioombwa hurudishwa," akasema. "Panda twende. Waya za kuazimia moto kutoka betri ya gari ninazo." Mwanaesha akapanda mbele. Mimi sikuwa na kazi ya maana, nikapanda nyuma.

Uwanjani Silvanus aliifunga betri kwenye mashine. Mansur akaja na waya kwa mbio za mtu aliyezoea kuwasha matatu za stendi, injini ya pikapu ikinguruma.

"Zima gari kwanza," Silvanus akamwambia. "Betri hii ni ndogo, gari likiwaka litaizidi nguvu. Volti zetu ni sawa, hiyo inatosha. Nyekundu kwa chanya yangu, halafu chanya yako. Nyeusi kwa hasi yako."

"Na hii ya mwisho hapa kwenye hasi yako."

"Hapana, mzee. Hiyo funga kwenye chuma kitupu, mbali na betri. Cheche ikitoka karibu na ile hewa, utarudi kwa Mama Nasiha bila nyusi."

"Mie nitamkataa," alisema Mwanaesha kutoka garini.

Silvanus akakaa kitini, akageuza ufunguo. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akangoja kidogo, akageuza tena. Ikakohoa, ikashika. Sijawahi kufurahia kelele namna ile. Waya zikatolewa, ile ya kwenye chuma ikitangulia.

"Sasa nikiinuka tu inazima," akatupigia kelele. "Kiti kina swichi chini. Na haina moto wa kuiwasha tena."

"Utakula vipi?" Mwanaesha akauliza.

"Sitakula."

Tukamwacha akizunguka, mgongo wima kama bwana harusi. Njiani Mwanaesha akamwambia Mansur asimame sokoni, akanunua mchele na nazi.

Lori la hoteli lilimshusha Silvanus jua likizama, uwanja wote umenyolewa. Alipitia kwa Ndambuki, betri ameishika wima isimwage maji yake makali, akaiacha ichajiwe taratibu mpaka asubuhi. Aliingia ploti ananuka nyasi na petroli, akakuta mlango wake umefungwa na jiko halipo.

Jiko lilikuwa kwa Mwanaesha, limebeba sufuria la wali. Mable alikuwa mlangoni pale juu ya mbuzi anakuna nazi, na sisi wengine tumejaa ndani tunabishana ni nani aliyecheka zaidi jana. Televisheni imezimwa. Silvanus akasimama nje, hajui aanzie wapi.

"Baba Ronald," Mwanaesha akamwita, akisogeza watu mkekani, "umeshinda juu ya kiti chako kutwa nzima. Vua viatu, karibu ndani, chakula chakungoja."