Sahani Hairudi Tupu

...na mfuniko usiguswe, dakika ishirini, mama alikuwa akisema wali uliokwisha kukauka maji ni kama mtoto aliyelala, ukimfunua kila mara umwangalie hutapata usingizi wake wala kazi yako, kwa hiyo nimekaa tu kwenye kiti chake kifupi, mgongo ukutani, Nayeli amelala mapajani mdomo wazi, miezi kumi na moja na tayari mzito kama gunia, jasho lake limelowesha sketi yangu, na sufuria iko pale juu ya moto mdogo, mfuko wa plastiki chini ya mfuniko ili mvuke usitoroke, maharage yako tayari na boga limeyeyukia ndani yake, kuku vipande vinne, viwili vya mume wangu Wander akirudi kutoka kiwanda cha mpunga, kimoja changu, kimoja... kimoja cha nani, cha jioni, nimeshasema ni cha jioni, na sasa kule upande wa pili wa bati jirani yangu mzee doña Eduvigis ameanza kutwanga, tok, tok, tok, saa sita kasoro, kama kila siku, nyumba yake na yangu hutenganishwa na bati moja lenye kutu, ningeweza kulitoboa kwa kidole, na kwenye kichochoro chetu kila nyumba inatwanga kitunguu saumu saa hizi, unajua kinu cha kila mtu bila kuangalia, cha Chavela wa pale kona hulia kama mtu anayemkimbiza mwizi, changu kilikuwa cha mama na kina sauti nene, cha doña Eduvigis ni cha mti mgumu uliokuwa mweusi tangu kabla sijazaliwa, tatu halafu kimya, tatu halafu kimya, kwa sababu kwenye kile kimya anakwangua kwa kidole kitunguu kilichopanda ukutani mwa kinu na kukirudisha chini, hapotezi kitu yule mama, hajawahi... angalia saa, dakika nne tu zimepita, usifunue.

Sipiti mbele yake siku hizi. Nikienda dukani nazunguka nyuma, kwenye matope, na mtoto mgongoni, nikijiambia nyuma kuna kivuli, kivuli gani, mwembe wa kina Chavela ulikatwa mwaka jana, nazunguka kwa sababu nikipita mbele ya mlango wake lazima niseme "nibariki, mama," yeye ndiye aliyenishika kwenye maji ya ubatizo, na yeye lazima aseme "Mungu akubariki, mwanangu," na nikishasema hivyo nitasimama, na nikisimama atauliza wali umetokaje leo, hivyo ndivyo alivyouliza maisha yangu yote, siyo hujambo, siyo umelalaje, "wali umetokaje?", na mama alikuwa akijibu kwa kumtumia sahani. Ile nyeupe ya bati yenye mzunguko wa buluu, imebanduka rangi pembeni, wali chini, maharage juu, kipande cha nyama, na juu kabisa ukoko, kipande kikubwa cha ukoko wa dhahabu, kwa sababu doña Eduvigis ana meno yake yote na anapenda kuwakumbusha watu, mama aliifunika kwa sahani nyingine, akaifunga kwa kitambaa, nami nikaibeba, miaka sita, saba, nane, mikono miwili, macho kwenye sahani, Chavela akinitania njiani, "Mirelbis, usile ukoko wa watu wewe, naona mdomo unang'aa," na ulikuwa unang'aa kweli, nilikuwa nikivunja pembe moja, ndogo tu, doña Eduvigis aliona kila siku na kila siku alisema, "Panya wa mama yako mwaka huu amenenepa." Na sahani ilirudi. Kesho yake, au jioni, imeoshwa hadi inang'aa, na ndani yake kitu, malimao mawili, yai, fungu la giligilani ya majani mapana, mara moja kipande cha hirizi ya zamani ya shanga nicheze nacho, hata pale alipokuwa mgonjwa alinipa majani ya mlimao yaliyofungwa kwa uzi, sahani ya mtu hairudi tupu, nani asiyejua, huo ni wizi wenye adabu, mama alisema, sahani tupu inamwambia mwenzako nyumbani kwangu hakuna kitu, au inamwambia wewe kwangu si kitu.

Tok, tok, tok. Leo anatwanga sana. Mama alipokuwa kitandani wiki ya mwisho hakusema mambo makubwa, nilingoja aseme mambo makubwa, alisema, "Kwenye ukoko tia mafuta kijiko kimoja ukishageuza, usitie viwili," halafu alisema, "Na sahani ya Eduvigis, usiisahau," nikasema ndiyo mama, nikasema ndiyo kwa urahisi kabisa, kama mtu anayeambiwa afunge mlango. Na nilituma. Siwezi kusema sikutuma. Mwezi wa sita mwaka jana nilituma, wa saba nilituma, nikiwa na tumbo kubwa nilituma, nikiwa na Nayeli wa wiki tatu nilituma, halafu siku moja mwezi wa tisa mwaka huu sahani haikurudi. Siku mbili. Tatu. Nikatuma chakula siku ile ya pili kwenye bakuli la plastiki, nalo halikurudi. Na wakati ule Wander alikuwa anaitwa kiwandani siku tatu tu kwa wiki, wali nilikuwa naupima kwa kikombe badala ya kwa jicho, na siku ya nne nikapakua, nikatazama rafu pale sahani ya mama ilipokuwa inakaa, pako wazi, nikasema basi, hajarudisha, nitatuma kwenye nini... na nilifurahi. Hapo ndipo. Siyo kwamba sikuwa na chakula, kilikuwepo, kidogo lakini kilikuwepo, nilifurahi kwamba amenipa sababu, niliula ule ukoko wote peke yangu nikiwa nimesimama, haraka, kama mtu aliyeingia jikoni mwa wengine, na ulikuwa mtamu.

Ningenyamaza ingetosha. Mimi sijui kuongea, dukani nanong'ona hadi mwenye duka ananiinamia, lakini siku ile Chavela aliponiuliza, anageuza ndizi kwenye mafuta, hata hakuniangalia, "Na doña Eduvigis anaendeleaje, bado unamtumia?", mimi nisiyejua kuongea nikasema vizuri kabisa, kwa sauti ya kusikika, "Tangu mama afe hata sahani hanirudishii." Chavela akasema, "Kha." Akabonyeza ndizi zikawa bapa. "Na ile ya buluu ya marehemu?" Nikasema, "Ile ile." Akasema, "Uzee una tamaa, mpenzi, shika vyombo vyako," na wanawake wawili waliokuwa wanangoja wakacheka, na mimi nikacheka nao, kidogo, kwa pua, na ndani ya wiki moja nikasikia mtu kwenye kichochoro anasema doña Eduvigis anapita, ficheni sahani, ilikuwa mzaha tu, hapa kila kitu ni mzaha, lakini tangu hapo kiti chake cha kubembea kimegeuzwa kimeegemezwa ukutani na barazani hakai mtu.

Tok, tok, tok, tok, tok. Hapumziki. Mbona hapumziki... tatu halafu kimya, ndivyo alivyo, kidole kinakwangua, leo hakwangui. Na sauti yenyewe. Kitunguu saumu kikiwa kizima kinu kinalia tok, kikianza kupasuka kinalia tep, kikishakuwa uji na chumvi na oregano hakilii tena, kinavuta tu, kila mtoto wa hapa anajua, unaweza kuwa umelala ukajua jirani amefika wapi, na huyu ni tok tangu aanze, mlio mkavu, mti kwa mti, haujawa tep, na jana haukuwa tep, na juzi... na harufu. Ya Chavela ninaipata kutoka kona, yangu imo kwenye nywele zangu, bati hili lina matundu, harufu ya kitunguu saumu cha doña Eduvigis ilikuwa ikiingia humu kabla ya salamu yake, nivute pumzi, hakuna, moto hakuna, mafuta hakuna, hakuna sufuria inayofunikwa wala kufunuliwa upande ule, kuna mchi tu. Anatwanga kinu kitupu. Anatwanga kinu kitupu ili tusikie anapika, ewe Mungu wangu, mama mzima wa miaka sabini na kitu, kila siku saa sita kasoro, amesimama mle jikoni peke yake anapiga mti kwa mti ili kichochoro kisiseme Eduvigis hana cha kupika, na mimi nimekaa huku namsikiliza na kuku vipande vinne.

Na nilijua. Usijidanganye, wewe, umejua tangu lini, mlimao wake ulianguka na ile dhoruba ya mwezi wa nane, uliangukia upande wetu, Wander ndiye aliyeukata vipande, kuku wake walikufa wote watano wakati wa ule ugonjwa, aliwafukia nyuma, nilisikia jembe, bustani yake ya giligilani ilizama, hayo yote niliyaona kwa macho haya, kimoja kimoja, na sahani ikaacha kurudi mwezi wa tisa, na sikuyaweka pamoja, mtu anayeweza kuhesabu dakika za wali hakuweza kuhesabu mlimao, kuku, bustani, sahani. Haikurudi kwa sababu hana cha kutia. Imeoshwa, najua imeoshwa, inang'aa, iko mezani kwake au kwenye rafu imefunikwa kwa kitambaa, na bakuli la plastiki kando yake, anavitazama viwili hivyo kila siku, anangoja apate hata yai moja, hata jani, na nje watu wanasema ficheni sahani, na maneno hayo yalitoka kwenye mdomo wangu, mdomo huu uliokuwa unang'aa kwa ukoko wake.

Mtumie sasa hivi, pakua, peleka... na nini, sahani ya tatu, ili awe na vitatu vya kurudisha vitupu, atanisukumia mlangoni, atasema nimeshiba mwanangu, nimepika mwenyewe, hukusikia kinu? Atasema hivyo. Ningesema hivyo mimi. Nikamwombe sahani, niseme mama naomba ile sahani, basi ni kama nimekuja kumshika nayo mkononi, Chavela akiwa kona anatazama. Siyo kumpa, kumpa hakuwezekani, lazima... lazima nimwombe. Nimwombe kitu alichonacho. Ana nini, ana kiti, ana kitanda, ana... kinu. Ana kinu. Nikiazima kinu chake lazima nikirudishe, na chombo cha mtu hakirudi kitupu, nitakirudisha kimejaa, wali hadi ukingoni na maharage juu yake na mfuniko wa ukoko, hawezi kukikataa, ni chake, ni deni langu siyo lake, na kesho nitakiazima tena. Lakini kwanza inabidi niseme. Kwa sauti. Na nikishasema hilo nina la Chavela, kwenda pale kona mbele ya mafuta yanayochemka niseme nilisema uongo, wanawake wawe wanasikia, mimi ninayenong'ona dukani...

Mchi umenyamaza. Anavuta hewa kwa pua, nasikia, bati ni jembamba.

"Mirelbis." Miezi miwili sijasikia jina langu kutoka upande ule. "Punguza moto, mwanangu. Ukoko utaungua."

Nimenyoosha mkono nimepunguza, mtoto hajaamka. Ananusa. Kila siku amekuwa akinusa, wali wangu, kuku wangu, anajua nimefika wapi kama mimi ninavyojua amefika wapi yeye, alijua siku nilipokula ukoko nimesimama, na bado anaogopa ukoko wangu usiungue.

"Nibariki, mama," nimesema, imetoka ndogo, nikaisema tena.

"Mungu akubariki. Na huyo panya mdogo pia."

Sema sasa, sema. "Mama, nilikuwa nakuja kukuomba kinu. Changu kimepasuka."

"Kimepasuka lini? Nimekisikia asubuhi. Kilikuwa kinatwanga vizuri tu."

Kiko hapo mezani kinanitazama, kinu cha mama, kizima, kina harufu hata sasa, na bila shaka amekisikia, tunasikiana, miaka yote tunasikiana, sijui kwa nini nilidhani ni mimi tu mwenye masikio. "Kimepasuka sasa hivi, mama," nimesema, "sasa hivi tu, nikikusikiliza wewe."

Nangoja, na kwa mara ya kwanza sitaki dakika hizi ziishe wala sitaki zikawie, nafikiria kinu kile kinaingiza kiasi gani, vikombe viwili vya wali, viwili na nusu nikigandamiza, kipande cha kuku cha jioni kitakaa pembeni, na ukoko wote, wote, bila kuvunja pembe.

"Haya," anasema. "Vitu hupasuka. Njoo ukichukue, lakini umalize wali wako kwanza, usiuache." Halafu, chini zaidi, kama anamwambia mchi: "Na uje kwa mbele. Kule nyuma kuna matope."

Dakika saba bado. Nayeli amelala, mfuniko uko palepale, sijaugusa.